Wangali Hai, Tuwahoji

Mwaka 1903 kilipigwa chapa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mengi yaliyomo yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Humo zimeelezwa ngoma, unyago, arusi, safari na mambo mengine ya pwani yetu ambayo leo wazee wachache tu waweza kuyasimulia. Kitabu kile hakikuzaliwa kwa bahati. Mjerumani Carl Velten alimwomba Mtoro na wenzake waandike waliyokuwa wakiyajua, nao wakaandika. Mgeni aliuliza, mwenyeji akajibu, na jibu likahifadhiwa ng'ambo.

Miaka zaidi ya 120 imepita tangu hapo, na Bagamoyo haijapungukiwa na watu wa kuulizwa. Hapo ndipo kilipofunguliwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Hapo hufanyika tamasha la sanaa ambalo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wako waliofundisha ngoma humo hata wakastaafu, wako wachongaji, wapigaji wa marimba, waigizaji na watunzi wa mashairi. Pembeni mwa mji wako Wakwere, Wadoe, Wazaramo na Wazigua, na kila kabila lina wajuzi wake. Nao wakati huu wana jambo ambalo Mtoro hakuwa nalo alipoandika, nalo ni redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliwafungulia mlango watu binafsi, na leo pwani yote ya kaskazini, hata Pangani kwenye kituo cha Pangani FM, watu husikiliza redio za kwao.

Basi twauliza: redio hizo huwauliza nini watu hao?

Tumesikiliza vipindi vingi ambamo msanii hukaribishwa studio. Mara nyingi mwendo wake ni mmoja. Mgeni husalimiwa, huulizwa wimbo wake mpya unatoka lini, hutaniwa kidogo juu ya mambo ya nyumbani kwake, hupigiwa wimbo, huagwa. Hatusemi kwamba hayo ni dhambi. Watu wametoka kazini, wataka kucheka. Lakini mtu aliyeshika zeze miaka 40 akiondoka studio bila ya kuulizwa jinsi anavyozifunga nyuzi zake, nani alimfundisha, na kwa nini wimbo wa mavuno haupigwi msibani, kipindi hicho kimekwenda bure hata kama kilikuwa na kicheko kingi. Mwandishi wa vitabu naye huulizwa maisha yake ni magumu kiasi gani, bali kitabu chenyewe hakifunguliwi.

Tazameni habari ya Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na sauti yake twaweza kuisikia hata sasa. Lakini mwanamke huyo wa Fumba aliinukaje mpaka akafika huko? Santuri haisemi. Twajua kwa kuwa Shaaban Robert, aliyewahi kuwa karani wa forodha Pangani, alikwenda akaketi naye, akamwuliza, akaandika. Siti alifariki mwaka 1950. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958. Mwandishi angalichelewa kidogo tu, leo tungalikuwa na sauti isiyo na mtu.

Wafanyakazi wanao mfano ulio karibu zaidi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma. Nyimbo zake zilinaswa na Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo studio kubwa ya bendi zetu. Kanda zile ni mali ya taifa. Lakini wimbo hauwezi kujieleza wenyewe: nani aliutunga, ubeti gani uliondolewa, mpiga gitaa alijifunza wapi, mshahara ulikuwa kiasi gani. Muhidin Gurumo, mmoja wa waimbaji wa mwanzo wa bendi hiyo, alifariki mwaka 2014. Maswali ambayo hakuulizwa hayana tena wa kuyajibu.

(Nasi watu wa magazeti hatujisafishi. Ni mara ngapi tumempa msanii nusu ukurasa siku ya maziko yake, baada ya kumnyima safu moja alipokuwa hai?)

Bagamoyo yenyewe ilikuwa makao ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka Dodoma na ilimba yake, akakaa pwani na kufundisha. Alifariki mwezi wa Desemba 2003. Albamu yake Chibite ya mwaka 1996 na Assembly ya mwaka 2002 zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa Maisha, kazi ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah. Hawa wamesimama mbele ya watu na kuongoza, hali ya kuwa zamani wanawake wa ukoo wao hawakuachiwa nafasi hiyo. Hapo pana mazungumzo ya wiki nzima! Nani aliwazuia, kwa hoja gani, na nani akasema sasa basi? Maswali hayo waandishi wa Ulaya wamekwisha kuyauliza. Yafaa yaulizwe pia kwa Kiswahili na Kigogo, na mtu aijuaye ngoma ya muheme, asiyehitaji kuelezwa kwanza ilimba ni kitu gani.

Wenye vituo hutujibu kwamba mazungumzo ya wazee hayaleti matangazo ya biashara, na umeme hulipwa kwa fedha. Jibu hilo lina haki yake, wala hatulidharau. Lakini kuhifadhi si ghali kama watu wanavyodhani. Saa 1 ya mazungumzo, ikinaswa kwa kiwango cha kawaida, huchukua karibu megabaiti 58. Saa 1,000 zaenea katika kadi moja ya gigabaiti 64, kitu kisichozidi ukubwa wa ukucha. Zamani watangazaji walifuta kanda ili wapate kunasa juu yake, kwa sababu kanda zilikuwa chache. Leo anayefuta hana udhuru huo.

Kilicho adimu ni utaratibu. Kila mazungumzo yaandikiwe jina la msemaji, mahali, tarehe na lugha, maana sauti isiyo na jina baada ya miaka 20 ni kelele tu. Nakala moja ibaki kituoni, ya pili ipelekwe TaSUBa ambako wanafunzi wataitumia. Na msemaji aulizwe kwanza kama aridhia. Yako mambo ya unyago na ya uganga ambayo si ya kumwagwa hewani, na mzee akisema hili lisitangazwe, neno lake liheshimiwe.

Tena kuna jambo la posho, ambalo kwetu ni zito. Mtangazaji hulipwa, fundi mitambo hulipwa, mwenye jengo hulipwa kodi. Mzee aliyepanda daladala kutoka Mlingotini na ngoma yake begani huambiwa amepata heshima ya kusikika. Heshima hainunui unga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamtambua mtumbuizaji kuwa ana haki katika sauti yake iliyonaswa. Basi apewe nauli na malipo, hata yakiwa madogo, na kipindi kikiuzwa baadaye apate fungu lake. Chama cha wafanyakazi kisichoona kwamba mpiga ngoma ni mfanyakazi kitazame tena orodha yake.

Vijana wa Bongo Fleva wasidhani kwamba twataka kuwafukuza hewani. Nao watazeeka, na wao pia twataka waulizwe mapema: midundo yao waliitoa wapi, na nani aliwaandikia maneno.

Twapendekeza kuanza tamasha lijalo la Bagamoyo. Wasanii hufika wenyewe kutoka mikoa mingi, wala hapana haja ya kumtafuta mtu. Kila kituo cha pwani kilete mtangazaji mmoja aliyekwisha kusoma habari za wageni wake, na kinasa sauti kimoja. Waketi mbali kidogo na jukwaa, ngoma zisije zikafunika maneno, nao wawape wasemaji saa nzima bila ya kuwakatiza kwa matangazo. Meza moja na viti viwili chini ya mwembe vyatosha kwa siku ya kwanza.