Mafuriko ya Mto Tana si dharura, yawekwe kwenye bajeti

Mto Tana haufuriki kwa kuvizia. Mvua ikizidi Mlima Kenya na Aberdare, maji hujaa kwanza katika mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Masinga likifurika, watu wa chini hutangaziwa wahame, na maji huchukua siku kadhaa kupita Garissa na Hola kabla ya kufika Garsen na Kipini. Mkazi wa Mombasa ambaye mvua ya usiku mmoja humjazia nyumba hapati nafasi kama hiyo.

Hata hivyo mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, tuliona yale yale: familia chini ya turubai, mahindi yameoza shambani, barabara imekatika, viongozi wanagawa unga. Katika mafuriko ya 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu penye barabara iliyofunikwa na maji, Kona Punda kati ya Garissa na Madogo, ilizama na watu wakafa.

Kila mara neno linalotumika ni dharura. Neno hilo ndilo tatizo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, ambayo malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini hazina hiyo ni ya mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Mafuriko ya Tana yanatarajiwa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kushughulikia majanga. Kwa hivyo mahali pa mafuriko haya ni kwenye mpango wa maendeleo na bajeti ya kawaida, pamoja na zahanati na barabara.

Mpango wa maana hauanzi na kuta za kuzuia maji. Unaanza na swali: nani ataumia zaidi? Maji yanayoingia kijiji kimoja hayawaumizi watu wote sawasawa. Mwenye jamaa mjini na nauli ya boda boda huondoka mapema. Hubaki bibi anayeishi peke yake, mlemavu asiye na wa kumbeba, na mama mwenye watoto watano ambaye mumewe yuko mbali na mifugo. Wengi wao ndio hao hao waliochoshwa na ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mvua ilipokuja mwaka uliofuata, ikaondoka na kile kidogo kilichosalia.

Wazee wa vijiji wanazijua nyumba hizi moja moja. Kuandika orodha yao, kuipitia kila mwaka kabla ya vuli na kabla ya masika, na kupanga mashua gani itamchukua nani, hakuhitaji mamilioni.

Jambo la pili ni gumu zaidi: wahamie wapi? Si haki kumwambia mkulima wa Kipokomo auache mto kabisa. Maji yale yale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayonywesha mpunga wake, na yakishuka huacha malisho ambayo mfugaji Muorma na Mwardei huyategemea kiangazi. Nyumba zinaweza kupanda juu na mashamba yakabaki chini. Lakini ardhi ya juu nayo ina wenyewe: ni malisho na njia za mifugo, na sehemu kubwa ni ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Hatujasahau mapigano ya Delta ya 2012 na 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100. Kuweka kambi mahali bila makubaliano ni kuhamisha watu kutoka hatari moja hadi nyingine.

Kwa hivyo vikao vya wakulima na wafugaji kuhusu maeneo ya kuhamia vifanywe wakati wa kiangazi, kabla mtu yeyote hajabeba godoro kichwani. Kaunti isajili maeneo hayo, ichimbe visima na kujenga vyoo humo, ili yasiwe kambi za kipindupindu.

Tatu ni kalenda. Kisheria, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwaka wa mvua kubwa, wakati huo ndio mto unapofurika. Anayepaswa kusimama kikaoni na kusema kijiji chake kinahitaji nini yuko kwenye turubai akisubiri maji ya kunywa. Wanaozungumza ni waliokauka.

Hilo lina dawa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, na mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Miezi ya kabla ya tarehe hizo ndiyo ya kumuuliza mwakilishi wadi wako maswali matatu: orodha ya wasiojiweza iko wapi, ardhi ya kuhamia ni ipi, na ni shilingi ngapi zimetengwa? Akijibu kwamba kuna hazina ya dharura, mwambie maji haya tunayajua tangu enzi za babu zetu.