Binti wa Salt Lake Aomba Kwenda Tamashani

Wiki hii tunajibu barua moja tu, nayo imetoka mbali. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Kivu aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani, ametuandikia kutoka Salt Lake City, mji mkuu wa jimbo la Utah. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zimepewa makazi katika bonde lile chini ya milima, na Kiswahili si lugha ngeni huko. Dada huyu anafanya kazi ya kushona. Bintiye mkubwa ana umri wa miaka kumi na mitano, anasoma vizuri, anaswali, na anapenda vitabu vya katuni kupita kiasi cha mama yake kuelewa.

Sasa binti ameomba ruhusa. Kila mwaka mjini hapo hufanyika tamasha la siku tatu la wapenzi wa vitabu hivyo, na wenzake wa shuleni wanakwenda. Wengine watavaa mavazi ya wahusika wanaowapenda, na yeye pia angependa kuvaa. Mama ameandika: nikikataa nitamvunja moyo, nikikubali sijui ninamkabidhi kwa nani.

Tunakiri kwamba barua hiyo ilitukuta hatujajiandaa. Katika safu hii tumezoea maswali ya mirathi, ya mahari, ya watoto wasiotaka kuamka alfajiri. Lakini swali la kumkabidhi mtoto kwa nani ni swali letu sote, hata sisi ambao watoto wetu wanaomba ruhusa ya kwenda kwenye sherehe ya mtaa wa pili. Kwa hiyo tulikaa tukaisoma habari ya tamasha hilo kwa utulivu, na leo tunamwandikia dada yetu tuliyoyajua, wasomaji wengine wakisikiliza.

Mikusanyiko ya namna hii ina historia ya zaidi ya nusu karne. Ule mashuhuri kuliko yote ulianza mwaka 1970 mjini San Diego, California, pale wapenzi wachache wa vitabu vya katuni, baadhi yao wakiwa bado vijana, walipokutana kwa siku moja katika hoteli. Walikuwa kama mia moja. Agosti ya mwaka huohuo wakakutana tena kwa siku tatu, wakafika kama mia tatu. Walikuja kununua na kubadilishana matoleo ya zamani na kuwaona kwa macho yao watu waliokuwa wakichora na kuandika hadithi walizozipenda. Leo San Diego hupokea watu zaidi ya 130,000, na kampuni za filamu hupeleka huko nyota wao kutangaza sinema zijazo. Vitabu vyenyewe, wanasema baadhi ya wazee wa mkusanyiko huo, vimesukumwa pembeni ya ukumbi.

Salt Lake walikuja nyuma sana. Wafanyabiashara wa hukohuko Utah ndio walioanzisha tamasha lao, Septemba 2013, katika ukumbi mkubwa wa mikutano uitwao Salt Palace, wakaliita Salt Lake Comic Con. Mtu angetazamia mwanzo mdogo. Ule mji wenyewe ulikuwa na wakazi wasiofika 200,000, tena uko mbali na Los Angeles na New York, miji inayotoa filamu na vitabu. Walikuja watu zaidi ya 70,000. Stan Lee, mzee aliyeshiriki kuwabuni wahusika wengi wa kampuni ya Marvel, alikuwa miongoni mwa wageni. Mwaka uliofuata waandaaji wakafanya matamasha mawili, la Aprili na la Septemba, na idadi waliyoitangaza ikavuka laki moja.

Kwa nini huko? Hapa dada yetu atajua zaidi yetu, kwa sababu anaishi nao. Utah ni jimbo la Wamormoni, watu wa familia kubwa, na miongoni mwa majimbo yote ya Marekani ndilo lenye wakazi vijana zaidi. Jimbo hilo pia ni makazi ya waandishi wengi wa vitabu vya watoto na vijana, Brandon Sanderson akiwa mmoja wao. Mahali ambapo baba, mama na watoto watano hutafuta pa kwenda pamoja siku ya Jumamosi, tamasha lililofungua mlango kwa wote lilikuta ardhi imekwisha kulimwa. Hilo lilitupunguzia hofu kidogo. Umati ule una vijana wengi, ndiyo, lakini una pia watoto waliobebwa mabegani na mabibi wanaosukumwa katika viti vya magurudumu.

Ila ukuaji wa haraka una madai yake, na Salt Lake yaliwafikia mapema.

La kwanza lilihusu jina. Julai 2014, siku za mkusanyiko wa San Diego, waandaaji wa Salt Lake walipeleka gari la kifahari lililobandikwa tangazo la tamasha lao likazunguka katika mitaa ya mji huo. Kwa lugha ya sokoni, walikwenda kunadi bidhaa yao mbele ya duka la mwenzao. Wa San Diego hawakucheka. Walidai kwamba jina Comic-Con ni alama yao ya biashara iliyosajiliwa, wakaonya, kisha wakafungua kesi. Wa Salt Lake wakajibu kwamba jina hilo ni la kila mtu, kwamba mikusanyiko zaidi ya mia nchini humo inalitumia, na kwamba hakuna anayeweza kulimiliki kama vile hakuna anayemiliki neno soko.

Kesi ilichukua miaka. Ndani yake kuna kisa kimoja ambacho kwetu sisi watu wa magazeti kina uzito wake: jaji aliwazuia watu wa Salt Lake kuzungumzia mambo fulani ya shauri hilo hadharani, na Oktoba 2017 mahakama ya rufaa ikaiondoa amri hiyo kwa kuwa inakiuka uhuru wa kusema. Desemba mwaka huo jopo la raia waliosikiliza shauri likaamua kwamba alama ya San Diego ni halali na kwamba Salt Lake waliikiuka, ingawa si kwa makusudi ya dhuluma. San Diego walikuwa wameomba fidia ya mamilioni ya dola. Jopo likawapa 20,000 tu. Wa Salt Lake huenda walipumua. Lakini Agosti 2018 jaji akawaagiza walipe gharama za mawakili wa upande wa pili, zikikaribia dola milioni 4, na akawakataza jina lile. Rufaa yao haikuwasaidia pakubwa. Tangu hapo tamasha linajulikana kwa jina la FanX. Miji mingine nayo ikatazama na kujihami: Denver wakabadilisha jina, Phoenix wakabadilisha, Portland wakaafikiana na San Diego walitumie kwa kibali.

Dada yetu anaweza kuuliza, ugomvi wa matajiri juu ya jina unanihusu nini mimi na binti yangu? Unahusu kidogo. Fedha zinazokwenda kwa mawakili hazitoki mbinguni. Tamasha la Salt Lake ni biashara, na biashara iliyobanwa hukamua pale inapoweza. Tiketi ya mlangoni ni mwanzo tu wa matumizi. Saini ya mwigizaji hulipiwa kando, picha ya pamoja naye hulipiwa kando, chakula cha ukumbini kina bei ya ukumbini, na kila meza ina kitu kinachomwita mtoto. Binti akienda na pesa zisizohesabiwa atarudi na mkoba mtupu na mchoro mmoja. Ahesabiwe mapema, na ajue kwamba zikiisha zimeisha.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo hasa lililotushughulisha. Mwaka 2018 tamasha hili lilikumbwa na malalamiko kuhusu namna lilivyoshughulikia taarifa za wanawake kusumbuliwa na kushikwa bila ridhaa. Waandishi kadhaa, wakiwemo wanaoandikia watoto, walisema waziwazi kwamba majibu ya waandaaji yalikuwa mepesi mno, na baadhi yao wakajitoa kwenye orodha ya wageni. Waandaaji waliomba radhi na kuzikaza upya kanuni zao. Hatulisemi hili kulichafua tamasha. Mikusanyiko mingi ya Marekani ilipitia hesabu kama hiyo, na kwa miaka kadhaa sasa bango lenye maana ya kwamba vazi la mtu si idhini ya kumgusa limekuwa jambo la kawaida milangoni mwake. Tunalisema kwa sababu mzazi ana haki ya kujua kwamba lilitokea, na kwa sababu waliolisema walikuwa wageni wa heshima waliokubali kupoteza meza zao kuliko kunyamaza. Mahali palipo na watu wa namna hiyo pana matumaini kuliko mahali ambapo kila mtu anasifu.

Pia kuna suala la usalama wenyewe. Huko Phoenix, jimbo la Arizona, Mei 2017, mtu mmoja aliingia tamashani akiwa na bunduki za kweli katikati ya umati uliobeba za plastiki. Alikamatwa kabla ya kumdhuru mgeni yeyote. Baada ya hapo silaha za maigizo zikapigwa marufuku, na watu wakapanga foleni ndefu za ukaguzi katika joto kali la Arizona. Waliolalamikia foleni walikuwa wengi. Sisi tungekuwa wazazi pale tungesimama kimya tukasubiri.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulilifuta tamasha la Salt Lake. Lilirudi Septemba 2021, watu wakitakiwa kuvaa barakoa, na wengi wakaja.

Sasa tuje kwenye vazi. Mama ameeleza kwa aibu kidogo kwamba binti anataka kuvaa kama Kamala Khan, na kwamba yeye mama hamjui huyo ni nani. Tumfahamishe. Kamala Khan ni msichana wa kubuni, Mwislamu, mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistani wanaoishi Jersey City. Kampuni ya Marvel ilimpa mfululizo wake wa vitabu mwaka 2014. Mwandishi wake wa kwanza, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu, na mhariri aliyeshiriki kumbuni, Sana Amanat, ni mtoto wa wahamiaji wa Kipakistani. Mfululizo huo ulipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Ndani yake kuna baba mcha Mungu, kaka mwenye ndevu anayeswali sana, mama mwenye wasiwasi juu ya wavulana, na rafiki avaaye hijabu. Kamala mwenyewe hajifuniki nywele, na anatoroka usiku kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa, jambo ambalo wazazi watalitambua bila kufundishwa. Lakini vazi lake la ushujaa kalitengeneza kwa burkini, lile vazi la kuogelea la wanawake wa Kiislamu lifunikalo mwili.

Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Msichana aliyezaliwa kambini, aliyefika katika nchi ambako darasa zima halijui kutamka jina lake, amefungua kitabu akakuta nyumba inayofanana na ya kwao. Anachoomba ni kwenda mahali ambapo watu laki moja hawatamshangaa kwa kuvaa tofauti, kwa kuwa siku hiyo kila mtu amevaa tofauti. Hatukuona namna ya kumwambia mama akatae, wala ya kumwambia afumbe macho.

Tulimjibu hivi. Tamasha huangukia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Siku mbili za kwanza ni za shule, basi na ziwe za shule. Aende Jumamosi, siku moja, na mama aende naye. Si kumfuata nyuma kama askari. Wakubaliane mahali na saa za kukutana. Adhuhuri ya Salt Lake mwezi Septemba huingia kama saa saba na nusu mchana kwa saa zao, na alasiri karibu saa kumi na moja, hivyo moja ya miadi iwe ni ya swala. Ukumbi ni mkubwa, kona haikosekani. Asome kanuni za tamasha pamoja na bintiye kabla ya siku hiyo, hasa kifungu kinachosema taarifa ya usumbufu hupelekwa kwa nani. Na apite kwenye meza za wachoraji wasiojulikana, wanaouza kazi za mikono yao kwa bei nafuu na kuzungumza na watoto bila kutazama saa. Binti anachora, mama alitaja hilo mwishoni mwa barua kana kwamba ni jambo dogo.

Kuhusu vazi tulimwambia tu kwamba linaweza kushonwa refu na la kupwaya, na mtandio wa rangi inayolingana juu yake, na bado kila mtu ukumbini atamjua ni nani.

Alituandikia tena baada ya siku nne, maneno machache. Kitambaa cha buluu alikwisha kupata, chekundu bado anatafuta, na binti amekaa karibu na cherehani jioni zote mbili akimwelekeza mahali pa kukata.