Mkoba wa Jirani na Ukimya Wetu



Juma hili nawaalika tutafakari jambo linalowakuta wengi wetu asubuhi na jioni, yaani wizi wa mifukoni ndani ya vyombo vya usafiri. Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Jioni moja nilipanda daladala Kariakoo, nikasimama katikati ya abiria waliobanana. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja aliyembeba mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika bomba la juu. Mkoba wake ulining'inia nyuma ya kiuno. Kijana mwenye koti lililokunjwa juu ya mkono alimsogelea, na chini ya koti lile nikaona vidole vikifungua zipu. Niliona kabisa, wapendwa. Macho yetu yakakutana, akanikazia jicho la onyo. Nami, padre, nikanyamaza. Abiria wa pembeni yangu naye aliona, akageuza uso dirishani. Kijana akashuka kituo kilichofuata, akapotea.

Mama alipogundua hasara yake akapiga yowe. Gari likasimama, watu wakamiminika barabarani, wakamkamata kijana mwingine aliyekuwa akikimbilia gari lake. Hawakumwuliza neno. Wale wale tuliokuwa mabubu ndani ya gari tukageuka kuwa hodari nje yake, na tayari mtu alikuwa ameokota jiwe. Hapo ndipo nilipopata sauti: "Siyo huyu! Mimi nimemwona aliyeiba!" Kola ya upadre ilisaidia, wakamwachia, damu ikimtoka puani. Mama mmoja akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: "Kama ulimwona, Baba, kwa nini hukusema?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku ile tulikuwa wengi na neno likaharibika mara mbili: mama aliibiwa mbele yetu, na asiye na hatia nusura auawe mikononi mwetu. Nimetambua kwamba ukimya wa ndani ya gari na mawe ya barabarani ni watoto wa mama mmoja, naye ni woga. Tunamwogopa mwizi anapokuwa na nguvu, tunamwadhibu anapokuwa peke yake. Katika mfano wa Msamaria Mwema, njia ya kushuka Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi, lakini Bwana wetu hakuishia kwao. Aliwataja pia kuhani na Mlawi walioona wakapita kando. Mimi nilikuwa kuhani yule.

Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba kibaka ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Msemo huo unaficha dhambi. Hasira haina mikono. Wenye mikono ni watu, na wengine wao Jumapili hushiriki Misa. Sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka inatofautisha mwizi anayeuawa usiku akivunja nyumba na yule anayeuawa jua likiwa limechomoza: huyu wa pili, aliyemwua ana hatia ya damu. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, kibaka akiwamo. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda wizi mbele yake, lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kukawia.

Je, tufanye nini basi? Tahadhari kabla ya hatari.

Kwanza, tulinde vilivyo vyetu. Mkoba ukae kifuani, zipu ikiwa imefungwa. Nauli itengwe mapema, ili usifungue pochi yenye fedha zote mbele ya umati. Simu isikae mfuko wa nyuma, wala usiichezee karibu na dirisha lililo wazi. Jihadhari zaidi mlangoni wakati wa kugombania gari, iwe daladala au mwendokasi, maana anayekusukuma na anayekuchomolea mara nyingi ni timu moja.

Pili, tukumbuke kwamba tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isiandikwe popote ndani ya mkoba. Bonyeza *#06#, uandike namba tambulishi ya simu yako na kuihifadhi nyumbani. Ukiibiwa, wapigie mara moja watoa huduma wako wafunge laini, kisha utoe taarifa polisi.

Tatu, tuache kununua simu za mkononi za bei ya kutupa zisizo na risiti. Anayenunua kwa makusudi kitu cha wizi ndiye anayemlipa kibaka mshahara.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusemezane. Najua wapo watakaosema: "Baba, nikisema nitachanwa wembe." Hofu hiyo ni ya kweli, nami niliionja. Lakini si lazima kumnyooshea mtu kidole. Inatosha kusema kwa sauti ya kawaida: "Jamani, tuangalie mikoba yetu." Au: "Mama, zipu yako iko wazi." Maneno hayo hayamshtaki yeyote, na hivyo hayampi yeyote sababu ya kuokota jiwe. Mwenye mali anashtuka, mwenye nia mbaya anarudisha mkono, na gari zima linajua kwamba kuna macho. Sentensi moja ya namna hiyo ingemwokoa mama yule, ingemwokoa kijana yule asiye na hatia, na huenda ingemwepusha hata mwizi mwenyewe na dhambi ya siku ile.

Huenda msomaji mmoja wa ukurasa huu ndiye mwenye koti mkononi. Kwako nasema: unayemwibia humo si tajiri; matajiri hawapandi daladala. Zakayo alirudisha mara nne, na mlango wa kitubio hapa parokiani u wazi, kwako na kwangu pia.

Nawaombeni basi, katika Jumuiya zenu Ndogo Ndogo juma hili, mkubaliane kuwa walinzi wa mikoba ya wenzenu safarini. Swali la Kaini kuhusu ndugu yake lilikwisha kupata jibu lake, na jibu hilo linatudai hata tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala.

Mungu awabariki na kuwalinda katika safari zenu zote.

Ni mimi, Paroko wenu.