TUTAZAME PAMOJA: Theluji iko karibu kuliko tunavyofikiri



Siku hizi picha za theluji zinafika kambini kwa simu, kutoka kwa ndugu zetu waliohamia Marekani na Canada. Watoto wanazizunguka, kiisha wanatuuliza darasani: "Mwalimu, wale wako na theluji, sisi tuko na nini? Matope tu?" Swali hilo si la kucheka. Mtoto akizoea kusema hapa hakuna kitu, mwisho atasema hata yeye si kitu. Basi mwezi huu tuongee juu ya baridi ya kwetu.

Mnajua jina Karisimbi linatoka wapi? Kwa Kinyarwanda isimbi ni simbi, ile kauri nyeupe. Mlima uliitwa hivyo kwa sababu kuna asubuhi kilele chake kinaamka cheupe. Ni theluji au mvua ya mawe ya usiku, na jua likipanda inayeyuka. Pale Gisenyi, ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Kilele cha Karisimbi kiko mita 4,507. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua karibu digrii 6. Fanyeni hesabu na watoto: siku ya digrii 20 ziwani, kule juu ni kama digrii 2 tu!

Lakini uzuri huo una hatari yake. Mwaka 1908 msafara wa Mjerumani Egon Kirschstein ulikutwa na dhoruba ya theluji juu ya Karisimbi. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi, na mizigo waliyobeba haikuwa yao. Kwa hiyo baridi tuitazame, tusiichezee.

Tunawaomba kila familia ijaribu mambo haya matatu:

1. Asubuhi mapema, mawingu yakifunguka, mtoto atazame upande wa volkano. Kilele ni cheupe ao ni cheusi? Aandike tarehe.

2. Mvua ya mawe ikisha kukatika kabisa (siyo kabla, yale mawe yanaumiza), okoteni jiwe moja kubwa, mlipasue. Mara nyingi mtaona duara ndani ya duara, kama kitunguu. Upepo wa mawinguni ulilipitisha mahali penye maji mengi na mahali penye maji machache, na kila mahali likaongeza nguo nyingine ya barafu.

3. Alfajiri, gusa shitingi kwa ndani. Yale matone mengi hayakutoka inje. Ni pumzi zenu wenyewe za usiku, zimekutana na baridi ya shitingi zikageuka maji. Mama, baba, watoto, wote mmo ndani ya matone yale. Kiisha yapanguseni, blanketi zisilowe.

Mtoto mdogo avikwe kofia na soksi kwanza ndipo atoke. Akikohoa sana ao akipumua mbio mbio, mpelekeni kwa muganga siku ile ile, msingoje.

Watoto, leteni michoro yenu darasani, tutaibandika ukutani. Na wenye ndugu kule mbali, watumieni picha ya Karisimbi. Nao wapate cha kutuuliza.

Tuonane mwezi ujao.
Walimu wenu wa kujitolea