Wanafunzi Wajapo na Kamera



Siku hizi si ajabu kuona vijana wa chuo wakifika kijijini na kamera, wakitafuta ua au njia ya shambani ya kupigia picha za mchezo wao wa kuigiza. "Shikamoo mzee, twaomba kupiga picha hapa." Mzee hujibu, "Marahaba, karibuni," kisha hukaa kando kama mgeni kwake mwenyewe. Hapo ndipo penye neno langu leo. Sikilizeni kisa cha Marekani.

Charles Burnett alizaliwa Mississippi mwaka 1944, akakulia Watts, mtaa uliokuwa wa watu weusi mjini Los Angeles. Mwaka 1965 zilitokea huko ghasia zilizoua watu 34, na tangu hapo wageni walipotaja Watts walitaja moto na fujo tu. Burnett alikuwa mwanafunzi wa sinema katika Chuo Kikuu cha California. Alipotakiwa kutengeneza filamu ya kumalizia masomo, alirudi mtaani kwao. Filamu hiyo, *Killer of Sheep*, yaani Mchinja Kondoo, yahusu baba mmoja, Stan, afanyaye kazi machinjioni. Jioni hurudi amechoka hata hana neno la furaha kwa mkewe.

Kwa sababu ya uhaba wa fedha, picha zilipigwa siku za mwisho wa juma. Gharama yote haikufika dola 10,000. Wachezaji wengi walikuwa jamaa na majirani, nao watoto wa mtaa hawakufukuzwa: wengine walipewa kazi ya kusaidia kunasa sauti. Hilo lanipendeza kupita yote.

Tena yale aliyoyapiga picha yalikuwa mambo ya pale pale. Watoto waruka kutoka paa hadi paa. Stan na rafiki yake wanunua injini kuukuu, waiteremsha ngazi kwa jasho jingi, waiweka ukingoni mwa gari. Gari laondoka, injini yaanguka, yapasuka. Wanaiacha barabarani. Nani kati yetu hajapoteza fedha namna hiyo?

Basi vijana wakibisha hodi kwako, usiishie kwenye karibu. Waulize mchezo wasema nini, na nyumba yako itaonekana kuwa ya nani: ya mtu wa heshima, au ya mlevi na mchawi? Waombe watoto wako washike chombo wajifunze. Waahidi pia kuileta filamu iliyokwisha, muitazame wote. Wakikataa hayo, yafaa waende kwingine.

Nanyi vijana, msiguse kitu cha mtu bila ruhusa, hata wimbo. Burnett alitia nyimbo nyingi nzuri katika filamu yake bila kununua haki zake, maana ilikuwa kazi ya shule. Aliimaliza mwaka 1977. Ikapata tuzo Berlin mwaka 1981, na mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka katika filamu za kuhifadhiwa. Hata hivyo haikuweza kuonyeshwa kibiashara mpaka nyimbo zilipolipiwa, kwa dola 150,000 hivi. Iliingia katika majumba ya sinema mwaka 2007, na wale watoto wa juu ya mapaa walikwisha kuwa watu wazima.