Kisanduku cha bumu na waya wa mwembeni

Jamani wadau, mtaniwia radhi, nilipotea, testi zilinibana. Leo nimerudi na hasira kidogo.

Jirani yangu wa hosteli katumia karibu nusu ya bumu lake kuagiza kisanduku cha antena kutoka nje. Tuko wachache hapa tunaopenda redio ya ridhaa ya nguvu ndogo. Wati 5 tu, sawa na kitaa kidogo cha LED. Kisanduku ni transfoma ya 9 kwa 1: unachomeka waya wa urefu wowote, unaongeza tyuna, mita ya SWR inasoma 1.2, basi eti kazi imekwisha.

Nabisha! Chukua rizista ya omu 50, iunge kwenye redio. Mita itasoma 1 kwa 1, safi kabisa, na hakuna atakayekusikia hata ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mita inakwambia redio imeridhika, haikwambii nguvu imeenda wapi. Ukipoteza desibeli 6 kwenye tyuna, transfoma na waya uliolala juu ya michongoma, wati zako 5 zimebaki 1 na robo. Mwenye wati 100 atavumilia hasara hiyo. Wewe je?

Jumamosi tulikuwa na mzee mmoja mwenye leseni ya TCRA, kifaa alishika yeye. Kisanduku kwenye michongoma: saa nzima anaita, kimya. Tukatundika dipoli yangu kwenye mwembe, katikati mita 7 hivi juu, ncha mbili zimeshuka kwa kamba za manila. Akajibiwa na Mwitaliano kabla sijakaa chini. Najua, michongoma na mwembe siyo jaribio la haki, na mimi ni mwalimu mtarajiwa wa fizikia, siwezi kudanganya. Basi tukapandisha na waya wa kisanduku kwenye mwembe uleule. Ukaamka, ila stesheni zilezile zikasikika dhaifu zaidi.

Dipoli yenyewe ni hesabu ya kidato cha pili: 143 gawanya kwa megahezi. Kwa 14.06 unapata mita 10.17, kata katikati. Waya wa nyumba unatosha (mzito kweli, lakini ndio uliopo), ila utaufupisha kidogo maana plastiki yake inaufanya ulie chini. Kebo nilitumia ya dishi, ya omu 75. Wataalamu wa vijiweni wakacheka. Kwenye redio ya omu 50 hiyo ni SWR ya 1.5, nguvu inayorudi ni asilimia 4. Kinachosumbua ni wavu wake wa alumini, haushiki risasi, ikabidi niubane kwa skrubu.

Waya wa mita 20 wenye transfoma ya 49 kwa 1 siugombi. Una mti mmoja tu na unataka 7, 14, 21 na 28 kwa waya uleule? Chukua huo. Ninaogomba ni huu wa "urefu wowote", unaouzwa kwa wanafunzi kana kwamba kupima waya ni adhabu.

Mwenzetu sasa anakula kwa mkopo mpaka bumu lijalo. Kebo yangu imebaki kama mita 8, bure kwa atakayekuja na waya wake. Jumapili saa 9 alasiri, mwembe uleule. Futikamba ninayo.