Ni Theluji au ni Sakitu?

Ndugu msomaji, kila mwaka uingiapo mwezi wa Juni, habari moja haikosi kutufikia mijini kutoka Nyanda za Juu Kusini: kwamba huko Kitulo, au Makete, au Mufindi, watu wameamka alfajiri wakakuta theluji imeanguka. Picha huletwa za nyasi zilizogeuka nyeupe. Wengi wetu hutazama, hustaajabu, kisha husahau. Lakini yule ambaye mama yake analima viazi huko hasahau, maana ifikapo adhuhuri majani yaliyokuwa meupe huwa yamekuwa meusi kana kwamba yamebabuliwa na moto.

Kwanza tukipe kitu jina lake. Ile si theluji, ni sakitu. Theluji huumbika mawinguni ikaanguka. Sakitu haianguki: mvuke uliomo hewani hugusa jani lililopoa kupita kiasi, ukaganda papo hapo. Na ule weupe mwingine unaogonga mabati ya Mbeya wakati wa masika ni mvua ya mawe.

Kwa nini basi theluji haituangukii? Theluji hudai mambo mawili yakutane: maji mawinguni, na baridi inayofika mpaka ardhini. Mbeya na Iringa mambo hayo hupishana. Mvua zetu hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, wakati wa joto. Baridi hutujia Juni na Julai, wakati mbingu ni kavu. Mtabiri wa Ulaya aonapo dhoruba ya majira ya baridi inakuja, hujiuliza: hewa ya nyuzi sifuri iko juu kiasi gani? Ikiwa karibu na ardhi, atatangaza theluji. Ikiwa mbali, atatangaza mvua. Katika nchi zetu za joto mpaka huo huwa kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huuvuka. Mlima Rungwe, wenye mita zipatazo 2,960, hauukaribii. Kwa hiyo hata vipande vya barafu vinavyoumbika juu mawinguni huyeyuka njiani, nasi tukapata mvua. Yasalimikayo ni yale mawe makubwa tu.

Swali letu, basi, ni jingine: usiku wa leo utatuletea umande au sakitu? Jibu lake laweza kutafutwa jioni, kabla jua halijazama kabisa.

Tazama mbingu. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha juu. Mawingu ni blanketi lake. Yasipokuwapo, joto jingi hupotea angani. Kisha sikiliza upepo. Upepo huchanganya hewa ya chini iliyopoa na ya juu yenye uvuguvugu. Ukitulia, baridi hujilaza juu ya ardhi. Ndiyo maana siku ya upepo, ukungu na manyunyu, ambayo hututetemesha sana, usiku wake si wa kuogopwa mno. Wa kuogopwa ni ule ufuatao, mawingu yakiisha kutawanyika na upepo ukanyamaza.

Jambo la tatu ni unyevu. Umande ukianza kuloweka nyasi mapema jioni, kupoa kwa hewa hupungua kasi. Hewa ikiwa kavu, baridi huteremka bila kizuizi. La nne ni mahali. Hewa baridi ni nzito; hutiririka kama maji kutoka mlimani ikatuama bondeni. Hivyo vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ambayo watu wa Iringa huyategemea wakati wa kiangazi kwa kuwa hayakauki, ndivyo vinavyopigwa kwanza, huku shamba la mteremkoni likinusurika.

Wala usidanganywe na tarakimu. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hutundikwa juu kidogo ya ardhi. Kikionyesha nyuzi 3, jani lililo chini huenda limekwisha kufika sifuri.

Dalili zote zikikutana, mkulima afanye nini? Amwagilie udongo mchana, kwani udongo wenye maji hutunza joto la jua kuliko mkavu. Afunike miche kwa nyasi kabla ya jua kuzama, aifunue jua likiisha kupanda. Na msimu ujao, mazao yasiyostahimili baridi ayapeleke mteremkoni.

Lakini usiku huo huo wa nyota nyingi una hatari nyingine, kubwa kuliko ya viazi. Ndio usiku ambao familia hufunga madirisha, huziba nyufa za mlango, kisha huingiza jiko la mkaa chumbani wapate kuota moto. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Waote moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala. Blanketi la pili ni ghali, lakini lina bei, uhai hauna.

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe. Tuusikilize. Lakini mwelekeo wa msimu hausemi habari za bonde moja kwa usiku mmoja. Hizo anazo yule aliyeko huko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jioni ya leo ukipiga simu nyumbani, usiishie kuuliza kama kuna baridi. Muulize mama kama nyota zinaonekana zote, na kama majani ya mikaratusi yanatikisika. Akisema nyota zimejaa na majani yametulia, mwambie akafunike miche. Kisha umwulize jiko liko wapi.